Malipo ya korona ya CFAP 2 kwa mashamba: jinsi yalivyoombwa kabla ya 11 Desemba 2020

Maombi ya CFAP 2, awamu ya pili ya fedha ambazo Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, iliwalipa wakulima walioumizwa na korona, yalifunguliwa 21 Septemba 2020, na mwisho wake ulipangwa 11 Desemba 2020. Muda huo umeshapita; hatua, viwango na kanuni zilizo hapa chini ni za wakati huo. Aliyelipwa awamu ya kwanza alitakiwa kuomba upya. Hesabu zako za zamani usizinakili: kanuni zimebadilika, na makosa mengi yanaanzia hapo.

1. Pigia simu ofisi ya FSA (wakala wa USDA wa kuhudumia mashamba) ya kaunti yako, uombe miadi. Kazi nyingi wakati huo ilifanyika kwa simu, na fomu zilitiwa saini mtandaoni kupitia huduma za Box au OneSpan. Kama hujawahi kuwa na faili pale, utajaza fomu AD-2047 ya taarifa zako pamoja na SF-3881 ya akaunti ya benki. Jina liwe lile lile unalotumia kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

2. Piga hesabu kabla ya kugusa fomu ya maombi.

Ng'ombe wa nyama ni dola 55 kwa kichwa, nguruwe 23, kondoo 27. Unachagua tarehe moja kati ya 16 Aprili na 31 Agosti 2020, ile ambayo ulikuwa na mifugo wako wengi zaidi, kisha unaondoa wote wa kuzalishia. Awamu ya kwanza hao walihesabiwa. Safari hii hawamo. Chukua zizi la vichwa 62: toa majike 38 na madume 2 ya mbegu, wanabaki 22, yaani dola 1,210. Ukiandika 62 umedai dola 3,410, na ukikaguliwa utazirudisha. Angalia pia tarehe yenyewe: ndama waliouzwa Julai hawapo tena Agosti, kwa hiyo mwenye mauzo ya kiangazi apitie daftari la Aprili na Mei kwanza. Mifugo unaowalea kwa mkataba huku mwenyewe ni kampuni si wako, usiwaandike.

Mboga, matunda, maua na mbuzi vinalipwa kwa mauzo ya 2019: asilimia 10.6 ya dola 49,999 za kwanza, asilimia 9.9 ya zinazofuata hadi 99,999, na kuendelea kushuka. Mauzo ya dola 60,000 yanaleta takriban dola 6,290. Hesabu zao ghafi tu la shambani: nyanya zikigeuzwa sosi, thamani iliyoongezwa na usindikaji haiingii. Aliyeanza kilimo 2020 anatumia mauzo ya 2020 mpaka siku ya kuomba.

Mahindi, soya na ngano hulipwa kwa ekari za 2020, si chini ya dola 15 kwa ekari. Ekari zilingane na FSA-578, ripoti yako ya ekari ulizolima.

3. Jaza AD-3117, ndiyo fomu ya maombi. Kikokotoo cha Excel kilichoko farmers.gov/cfap kinakuwekea takwimu mahali pake na kukutolea fomu ya kuchapa. Isiyo na saini si ombi.

4. Ongeza CCC-941 ya kuthibitisha kipato: wastani wa 2016 hadi 2018 usizidi dola 900,000, isipokuwa kama angalau asilimia 75 inatokana na kilimo, ufugaji au misitu, hapo utatakiwa CCC-942. Ongeza AD-1026 ya uhifadhi wa ardhi, na CCC-901 ya kutaja wanachama kama shamba ni kampuni au ubia. Hizi una siku 60 tangu kutia saini maombi, lakini kawaida ni CCC-941 ya mbia mmoja aliyesahaulika inayochelewesha malipo. Zikusanye siku moja.

Kikomo ni dola 250,000 kwa mtu, mbali na za awamu ya kwanza. Risiti huambatanishi, unatangaza tu kwa saini yako. Zitunze miaka 3, zikiwemo stakabadhi za mnada na kurasa za daftari la zizi zenye tarehe uliyochagua. Fedha zenyewe ni kipato cha kutozwa kodi, na fomu 1099-G itakufikia mwanzoni mwa mwaka.