Acheni Kuziba Utoro wa Lambo

Ndugu wakulima na wafugaji wenye malambo, mvua zikikaribia kuisha, Machi na Aprili, naona viroba vya mchanga vimepangwa kwenye utoro, ile njia ya kando inayotoa maji ya ziada lambo likijaa. Sababu ninayopewa ni ileile: maji ya mwisho yasipotee bure. Wengine hawaweki viroba, wanafunga wavu ili kambale na perege wasitoroke, na wavu huo ukinasa majani na matawi kwa usiku mmoja tu unakuwa ukuta kamili.

Hesabu iko hivi. Chukua lambo lenye mita 1 kati ya sakafu ya utoro na kilele cha tuta. Sentimita 50 za chini ni njia ya mafuriko. 50 za juu ni akiba ya mawimbi na ya tuta kutitia. Utoro wenye upana wa mita 5, maji yakipita kwa kina cha sentimita 50, hutoa karibu mita za ujazo 3 kwa sekunde. Panga viroba vya sentimita 30, kina kinabaki 20, na utoro uleule hautoi hata mita 1 ya ujazo. Robo tatu ya uwezo wake imekwenda. Maji yanayokosa njia yanapanda juu ya tuta, na tuta la udongo halivumilii hilo: yanalimega upande wa nje, korongo linarudi nyuma hadi kufikia maji, na kwa saa chache lambo limekwisha.

Na faida yenyewe ni ipi? Sentimita 30 hizo, kwa jua la Dodoma wakati wa kiangazi, huishia hewani kwa miezi miwili hivi. Anayetaka maji zaidi afukue tope Septemba au Oktoba, lambo likiwa limekauka.

Msiniambie lambo lenu ni dogo. Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la bwawa la shambani lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 walikufa.

Simikeni mti wa kupimia ndani ya lambo, mahali unapoonekana bila kuingia majini. Sifuri iwe usawa wa sakafu ya utoro, alama za rangi kila sentimita 10, juu na chini ya sifuri. Someni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, muandike daftarini. Mvua ikinyesha, kila saa. Kukadiria kwa macho ukiwa mlangoni kwako si kupima! Maji yakipanda sentimita 10 ndani ya saa moja na mvua bado inaendelea, wapigieni simu walio bondeni wahamishe mifugo na pampu sasa hivi, msingoje yafike kwenye utoro.

Wenye bomba la chini na valvu, punguzeni maji kabla ya mvua kubwa, mchana, na walio chini wapewe taarifa siku moja kabla. Msizidishe sentimita 30 kwa siku. Maji yakishuka haraka, tuta hubaki limelowa na zito, na upande wake wa ndani huporomoka.

Kama viroba viko tayari na maji yameviegemea, mtu asikanyage ndani ya utoro. Toeni safu ya juu kwa upana wote mkiwa kando, kwa kulabu ya mti mrefu. Maji yakishuka, ndipo safu inayofuata. Ukitoboa katikati peke yake, mkondo utachimba sakafu.

Utoro usio na kasoro, maji yakishapita, utauona: nyasi zimelala, sakafu haijachimbika.

Lakini mkiona maji ya tope yanatoka chini ya tuta, upande wa nje, udongo wa ndani unasombwa. Waondoeni watu bondeni kwanza, kisha piga simu ofisi ya kijiji na ofisi ya bonde, inayosimamia maji ya eneo lenu.