Kutoka Kabureta Hadi Nozeli Katika Gari la Zamani

Kabla ya kufungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya gari kongwe hapa Unguja ili uweke nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini, chomoa waya wa betri, kisha lishushe tangi ulichungulie kwa tochi, kwa kuwa hewa ya chumvi huleta kutu, na chembe yake moja hutosha kuziba nozeli. Kulisuuza tu, kama wanavyoshauri baadhi ya mafundi, hakutoshi. Pampu ya zamani husukuma petroli kwa shinikizo lisilofika baa 0.5, ilhali mifumo mingi ya nozeli huhitaji baa 3 hadi 4. Kwa hiyo funga pampu ya umeme, mipira ya petroli ya shinikizo kubwa (ile ya kabureta itapasuka) na bomba la kurudishia petroli tangini. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni katika moshi, hufungwa kwenye kitako kinachochomelewa kwenye ekzosi, kabla ya sailensa. Mahali pa waya wa erthi, unaounganisha umeme na bodi ya gari, pakwanguliwe rangi hadi chuma king'ae. Betri ikisharudishwa, washa swichi bila kupiga starta, ukague kila kiungo kama kinavuja.