SOMO: Kusoma kope la mbuzi ili kujua kama minyoo wanammaliza damu

"Mbuzi wangu amekonda, nimpe dawa gani ya minyoo?" Swali hili nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja. Atakayeliuliza tena nitamrudisha hapa.

Njia yenyewe inaitwa FAMACHA. Ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya kondoo, baadaye ikatumika kwa mbuzi pia. Inamlenga mnyoo mmoja, Haemonchus contortus, anayeishi tumbo la nne na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Kwa hiyo tunachotafuta ni upungufu wa damu; wale minyoo wa kuharisha hutawaona hapa.

1. Mtoe mbuzi nje, kwenye mwanga wa jua. Tochi hapana.

2. Mshike kichwa kitulie, na kivuli chako kisimwangukie usoni.

3. Andaa kadi ya rangi. Ina ngazi tano: 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe kama karatasi.

4. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Kwa dole gumba la mkono mmoja, shusha kope la juu lifunike jicho. Likiwa limefunika, kandamiza mboni kwa upole, kisha kwa dole gumba la mkono wa pili vuta kope la chini. Utando wa ndani utachomoza wenyewe. Soma sehemu yake iliyo nyekundu zaidi, papo hapo, kisha achia. Mimi nilikuwa navuta kope la chini tu, naliacha wazi huku natafuta kadi mfukoni. Utando ukikaa wazi unabadilika, unaanza kuwa mwekundu. Nilimsomea 2 mbuzi aliyekuwa ananyonyesha, nikamwacha. Siku ya tatu nikamkuta amelala hainuki. Tulipompasua, tumbo la nne lilijaa minyoo. Kwa hiyo: kadi iwe mkononi KABLA ya kugusa jicho. Usisome ule utando wa pembeni, upande wa pua. Na jicho lenye vumbi au ugonjwa wa macho litakuwa jekundu hata kama damu imekwisha, usiliamini.

5. Soma macho yote mawili. Yakitofautiana, chukua ngazi ya jicho lililopauka zaidi. Ukisita kati ya 2 na 3, andika 3.

6. Ngazi ya 4 na 5 wanyweshwe dawa. Kwa mbuzi, hata 3 mimi nanywesha, hasa wadogo, wenye mimba na wanaonyonyesha.

7. Rudia kila wiki mbili wakati wa joto na mvua. Kiangazi unaweza kuachia nafasi kubwa zaidi.

MASWALI

Mfugaji_Mpya: Mkuu, nitumie picha ya kadi nichapishe.

Mwandishi: Hapana. Kichapishi kinabadilisha rangi, simu nayo hivyohivyo. Hata kadi halisi hupauka, itunze gizani.

Kijana wa Zizi: Wangu ana 5, nimempa dawa, hajapona. Dawa feki?

Mwandishi: Ulimpima uzito?

Kijana wa Zizi: Nilikadiria kwa macho.

Mwandishi: Basi usiilaumu dawa kwanza. Pia si kila 5 ni minyoo: kupe na magonjwa wanayoleta, chawa, minyoo bapa wa ini, ndorobo, wote humaliza damu. Peleka kinyesi kikapimwe, na mwite daktari wa mifugo leo. Ngazi ya 5 haisubiri.

Mama Vitoto: Samahani kaka, kwa nini tusiwanyweshe wote siku moja tukamaliza?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Katika kundi, mbuzi wachache ndio hubeba minyoo wengi. Ukiwanyweshea wote, minyoo watakaobaki hai ni wale tu wasiosikia dawa, na mayai yao ndiyo yatakayojaza malisho. Ukiwaacha wenye ngazi ya 1 na 2, minyoo wao ambao bado wanauawa na dawa wanaendelea kutaga na kuchanganyika na wale sugu. Dawa yako inadumu miaka mingi zaidi.

Mama Vitoto: Na kipimo cha kondoo kinafaa?

Mwandishi: Mara nyingi hakitoshi. Ini la mbuzi huondoa dawa nyingi haraka kuliko la kondoo, kwa hiyo daktari huongeza kipimo, kila dawa kwa kiasi chake. Usijiongezee mwenyewe, levamisoli ikizidi ni sumu. Na albendazoli usimpe aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Kijana wa Zizi: Wangu kavimba chini ya taya, ni jino?

Mwandishi: Ukibonyeza ni laini kama kuna maji ndani? Hiyo ni protini ya damu kushuka. Rudi hatua ya 4, ukitoka hapo mpigie daktari.

Mzee wa Majani: Niongeze kidogo. Viluwiluwi vya minyoo hukaa chini kwenye shina la nyasi. Mimi nawahamisha kabla majani hayajashuka chini ya sentimita 10, na wakipata vichaka ndiyo vizuri zaidi.

Mwandishi: Kweli kabisa, mzee. Vichaka vyako ni vya aina gani?