Duka lako la nguo limeigwa na domeini feki? Fanya hivi

Kuna dada anashona na kuuza magauni ya kitenge hapa Kirumba, Mwanza, juzi kapigiwa simu na mama wa Musoma anafoka kwamba gauni la sendofu halijafika na hela keshalipa. Kumbe kalipa kwenye saiti nyingine, domeini (jina la saiti, lile la .com) ni ile ile ila penye m wameweka r na n zimebanana, kwenye kioo cha simu huoni tofauti hata ukitoa macho. Picha ni zake zote, mpaka ile ya mteja kasimama pale Bismarck Rock.

Hatua ya 1: Angalia una cheti gani
Cheti cha jina la biashara sio alama ya biashara (trademark), japo vyote unavipata BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Watu wengi wanachanganya hapa. Kama huna alama iliyosajiliwa bado unaweza kupambana, ila itabidi uonyeshe wateja wanalijua jina ni lako: matangazo, risiti za miaka, kurasa zako za mtandaoni.

Hatua ya 2: Hifadhi ushahidi KABLA hujaripoti popote
Mimi hapa nilichemka nilipomsaidia huyo dada. Hasira zilinipanda nikaripoti kwanza kwa kampuni inayohosti (inayoiweka saiti hewani), asubuhi saiti haipo, tukashangilia na sato wa kuchoma tukala. Siku ya tatu imerudi kwa hosti mwingine ikiwa na lipa namba mpya, na pale registra wa domeini (kampuni iliyoandikisha lile jina) alipotuomba uthibitisho wa ile ya mwanzo nilikuwa na skrinishoti 2 za simu ambazo hata adresi ya juu imekatwa. Nikakesha kuanza upya. Kwa hiyo tumia laptopu, sio simu, piga ukurasa mzima, adresi ionekane yote na tarehe ionekane, fungua mpaka ukurasa wa malipo (usilipe!) uchukue ile lipa namba, afu kila ukurasa uingize Wayback Machine (saiti inayotunza nakala za kurasa za mtandao) kwenye sehemu ya kuhifadhi maana ile nakala inatunzwa na mtu wa tatu, huwezi kuambiwa umeitengeneza mwenyewe. Ila zingine zinagoma kuhifadhiwa, na zingine zinaonyesha duka kwenye simu tu, ukifungua kwa laptopu unakuta peupe, hapo badili brauza ijifanye simu. Mwombe na mteja aliyeibiwa akutumie meseji ya muamala kama ilivyo, asiihariri wala asikuandikie upya.

Hatua ya 3: Tafuta registra
Ingia lookup.icann.org, andika ile domeini feki. Jina la mwenye domeini mara nyingi limefichwa, usihangaike nalo. Chukua jina la registra, baruapepe ya kuripoti uhalifu na tarehe domeini ilipoandikishwa.

Hatua ya 4: Ripoti
Registra na hosti, wote, siku moja. Andika ni utapeli wa malipo, usianze na hadithi ya alama ya biashara maana watakujibu nenda mahakamani. Lipa namba peleka kwa mtandao husika na polisi.

Hatua ya 5: UDRP, ukiitaka domeini yenyewe
Huu ni utaratibu wa kudai domeini bila kwenda mahakamani, wa ICANN (shirika linalosimamia majina ya domeini) toka 1999, kwa domeini kama .com, wengi wanapeleka WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, kule Geneva. Lazima uthibitishe vitu 3 vyote: jina linafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya watu, jamaa hana haki nalo, na aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Ile tarehe ya hatua ya 3 ndo inaingia hapa, kama domeini ilikuwepo kabla hujaanza hata kushona, nia mbaya utaipata wapi? Ada ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, domeini 1 mpaka 5, na ukishinda unapewa domeini au inafutwa, fidia hakuna. Kwa hela hiyo mimi ningenunua vyerehani.

Dada wa Kirumba tuliishia hatua ya 4, registra kaifungia. Yule mama kashonewa gauni lingine kwa bei ya kitambaa tu.