Kuku wa kitenge na nyota ya mifuko ya kaki kwa likizo ya Desemba

Shule zikifungwa Desemba, mvua za kwanza nazo huwa zimeanza Dodoma, na watoto wanabaki ndani au barazani wakitafuta la kufanya. Kazi mbili zilizoelezwa hapa zinawatosha kwa siku kadhaa, na zikikamilika ni mapambo ya Krismasi: kuku mdogo wa kushona mwenye umbo la piramidi, na nyota kubwa ya kutundika ukutani. Zote zinatumia mabaki. Mtoto wa miaka 9 na kuendelea anaweza kumshona kuku kwa mkono mwenyewe. Wa miaka 5 au 6 atajaza pamba, atapaka gundi na kuchagua rangi. Kupima na kukata ni kazi ya mtu mzima, ifanyike jioni kabla watoto hawajakaa mkekani. Mraba uliokatwa kombo hauponi kwa kushonwa vizuri.

Kuku: kitambaa na vifaa

Fundi cherehani yeyote, awe wa Majengo, Nkuhungu au Kibaigwa, ana mfuko wa vipande chini ya meza, na mara nyingi huvitoa bure au kwa bei ya kupatana. Chagua vitenge vya pamba. Vipande vya satini huteleza vikishonwa, na kitambaa cha sare za shule hufumuka nyuzi pembeni mtoto akikishikashika. Ukilazimika kukitumia, ongeza nusu sentimita kila upande. Usichukue vipande vya shingo na kwapa hata kama vina rangi nzuri: vimekatwa kwa mshazari, vinavutika, na kuku wake hukaa upande.

Vipande vya fundi kwa kawaida havijafuliwa. Viloweke kwenye maji ya kawaida kwa nusu saa, vianike, vipige pasi. Kitenge kipya hurudi kidogo kikiloa, na kingine hutoa rangi. Bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kile chekundu au cha bluu. Kikiacha alama, fua tena au kitafutie kazi nyingine.

Kwa kuku mmoja unahitaji miraba miwili ya sm 14 kwa sm 14, mraba mmoja wa sm 5 wa rangi ya njano au chungwa kwa ajili ya mdomo, na kipande chekundu cha sm 5 kwa sm 3 cha kishungi. Kishungi kifanye kwa kitu kisichofumuka nyuzi: fulana kuukuu ya mitumba, au ule mfuko mbadala mwekundu wa dukani, laini kama kitambaa, ulioishia jikoni. Huo wa pili usiguswe na pasi, utayeyuka. Mkia ni vitambaa vitatu vyembamba vya sm 8 au ncha za utepe. Halafu uzi wa rangi inayofanana na kitenge, sindano, pini, chaki, rula na mkasi unaokata kweli. Mkasi uliokwisha kukata maboksi ni wa karatasi, hauna kazi hapa.

Kumjaza, tumia usufi, pamba ya mto kuukuu au sponji ya fundi sofa iliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Ili akae wima anataka uzito chini, na hapa ndipo uwele na mtama wetu vinapofaa. Nusu kikombe, yaani gramu 100 hivi, inatosha. Kaanga nafaka kavu kwa dakika 5 moto ukiwa mdogo, uiache ipoe kabisa. Isipokaangwa italiwa na fukusi, na kuku akinyeshewa barazani uwele utaota tumboni mwake. Usiimimine moja kwa moja. Ishone kwenye kifuko kidogo kinachoitosha, cha kitambaa kilichofumwa kwa karibu, ili mshono wa nje ukiachia nafaka isimwagike, na siku ya kufua uweze kuitoa. Mchanga usijaribu; vumbi lake hupenya kitenge na kuchafua kila mkono unaomshika kuku. Kama zawadi ni ya mtoto chini ya miaka 3, acha nafaka kabisa, jaza pamba tupu, na asiwepo kifungo wala shanga popote.

Kushona

Weka mraba wa kwanza mezani, uso wa kitenge ukitazama juu. Vitenge vingine vina rangi sawa pande zote mbili, hivyo tia alama ya chaki nyuma usije ukachanganya. Upande wa kulia wa mraba andika X kubwa: huo hautashonwa sasa. Kona ya juu kushoto ndiyo kichwa.

Kunja mraba wa mdomo kona kwa kona upate pembetatu, kisha ukunje mara ya pili. Upande mrefu ndio wenye kingo zilizokatwa. Ulaze juu ya ukingo wa kushoto wa mraba, kuanzia sm 2 chini ya kona, ncha ikielekea katikati ya kitambaa. Kishungi kikate mawimbi matatu upande mmoja, ulaze upande wake ulionyooka kwenye ukingo wa juu, nacho kikianzia sm 2 kutoka kona ileile, mawimbi yakielekea ndani. Wengi huyaelekeza nje kwa sababu ndivyo kuku alivyo. Ukifanya hivyo, ukipindua kazi kishungi kitabaki tumboni. Zile sm 2 za kona nazo si urembo: ukikisogeza karibu zaidi, mshono wa pili unakimeza na kichwa kinatoka kimepinda.

Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwenye mdomo na kishungi ili visihame, kisha funika kwa mraba wa pili, uso kwa uso, na ubane kwa pini. Shona kuanzia juu kulia, nenda kushoto, shuka, halafu rudi kulia kwa chini: pande tatu, sm 1 kutoka ukingoni. Kwa cherehani, mishono 10 hadi 12 kwa inchi moja. Ukifika kona acha sindano imezama, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, shusha mguu, endelea. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma wenye hatua ya milimita 3, na uzi usizidi urefu wa kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. Mrefu zaidi ya hapo hujifunga mafundo, na mtoto huacha kazi kwa fundo la tatu. Mshono wa kawaida wa kwenda mbele tu haufai. Ukijaza pamba unaachia mianya na sponji inachungulia.

Punguza kona mbili zilizoshonwa kwa kuzikata mshazari, ukiacha milimita 3 kabla ya mshono. Bila hivyo kichwa kinakuwa butu, na ukikata karibu zaidi kitapasuka wakati wa kujaza.

Sasa ule upande wenye X. Watu wengi hukosea hapa: wanaufunga kama ulivyo, na wanapata kamto kenye kishungi. Shika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, usogeze mshono wa juu ukutane na mshono wa chini, uso kwa uso. Palipokuwa katikati ya ukingo wa kila mraba sasa ndipo penye kona mpya, na ukingo ulio wazi unalala kwa kukingama na mshono wa kushoto, si sambamba nao. Ingiza mkia ndani, mashina yake yakiwa ukingoni pale mishono miwili inapokutana na manyoya yakitazama ndani. Laza mshono mmoja kulia na mwingine kushoto ili kitambaa kisirundikane. Sindano nyembamba huvunjika papo hapo. Shona kutoka kona moja hadi upite mkia kidogo tu, funga uzi kwa kurudi nyuma mara tatu, acha tundu la sm 4 hivi, kisha malizia sm 1 ya mwisho kwenye kona ya pili.

Pindua kupitia tundu. Kona zisukume kwa upande butu wa penseli. Ncha ya mkasi hutoboa. Jaza kichwa kwanza kwa vipande vidogo vya pamba, kila kimoja kikishindiliwa kabla ya kinachofuata. Bonge moja kubwa halifiki kwenye ncha, na baada ya siku chache shingo hulegea. Kichwa na kifua vikiwa vigumu, tia kifuko cha nafaka, kizungushie pamba kidogo, ufunge tundu kwa mkono, mishono ikiwa ya ndani. Mkalishe juu ya meza. Akiangukia mbele, kifua kina pamba nyingi au nafaka ni kidogo. Akiangukia upande mmoja, kifuko kimehama; kisukume kwa vidole kutoka nje.

Macho yatariziwe kwa uzi mweusi, mafundo mawili au matatu kila upande, sm 1 nyuma ya mdomo. Kalamu ya wino huchuja kwenye pamba na kumwachia kuku michirizi ya machozi.

Nyota

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa kila duka. Inayofaa ina upana wa sm 12 hadi 15 na urefu wa sm 22 hadi 28. Nunua 9 ya saizi moja, kutoka bunda moja, kwa sababu tofauti ndogo ya upana inaonekana nyota ikifunguka. Iliyobeba maandazi au chips haifai. Gundi haishiki penye mafuta.

Gundi ya unga inatosha na ni salama kwa watoto. Koroga vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano kwenye robo ya kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha robo tatu za kikombe zilizobaki, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, na upike dakika 2 au 3 mpaka uache kuwa mweupe. Chuja. Ikiwa nyepesi, kaki hulowa na kujikunja, kwa hiyo ni afadhali izidi uzito. Haikai zaidi ya siku mbili kabla ya kuchacha.

Kata kwanza, gundisha baadaye. Mifuko 9 ikishagundishwa ina tabaka 18 au zaidi, na hakuna mkasi wa nyumbani utakaozipita kwa usafi. Tengeneza kielelezo cha boksi chenye ukubwa wa mfuko. Upande wa mdomo kikate kiwe na ncha katikati, ukianza sm 8 chini ya kona zote mbili. Pembeni, kila upande, chora nusu duara mbili zisizozidi robo ya upana wa mfuko. Sm 4 za chini, karibu na kitako, ziache nzima. Nusu duara zikizidi robo zinafika kwenye mstari wa gundi, na nyota hukatika kiunoni. Kata mifuko miwili miwili kwa kielelezo hicho.

Laza mfuko, kitako kikiwa upande wako. Paka mstari wa gundi kwa upana wote wa kitako, na mwingine kutoka katikati yake hadi kwenye ncha: T iliyosimama kichwa chini. Mswaki wa zamani unapaka vizuri kuliko kidole. Bandika mfuko wa pili juu yake, ncha kwa ncha, na kuendelea hivyo. Miezi ya Julai hadi Oktoba, upepo mkavu wa Dodoma unakausha gundi kabla hujaweka mfuko, basi paka mmoja mmoja tu. Desemba ni kinyume chake: weka kitabu kizito juu na usubiri kwa muda wa saa tatu, usifunike kwa nailoni, utaota ukungu.

Ukishagundisha mifuko 7, fungua taratibu mkunjo kwa mkunjo uone kama wa kwanza unaufikia wa mwisho bila kuvutwa. Ikikaza, ongeza wa 8, hata wa 9. Mifuko pungufu ndiyo sababu kubwa ya nyota kuchanika katikati usiku wa mkesha. Usigundishe ncha za mwisho; zitoboe na uzifunge kwa uzi wa katani, ili baada ya sikukuu nyota ikunjwe bapa na kuwekwa juu ya kabati. Ikifika Idi itoe tena, inapendeza vilevile. Itundike ndani. Barazani upepo wetu unaimaliza kwa siku moja. Mshumaa na kibatari vikae mbali nayo.

Watoto wadogo waliokosa nafasi kwenye nyota wape mnyororo wa karatasi: ukurasa mmoja wa A4 wa kalenda ya zamani unatoa vipande 11 vya sm 2.5 kwa sm 21, na kurasa 5 zinatosha mnyororo wa mita 3.

Kuku akichafuka, fumua tundu ulilofunga kwa mkono, toa kifuko cha nafaka, mfue kwa maji baridi na sabuni ya kipande, umwanike kivulini hadi pamba ya ndani ikauke kabisa. Jua kali la saa sita hupausha kitenge upande mmoja. Mshono ukiachia kwenye kona, usiurudie palepale. Shona milimita 2 ndani zaidi, kwa sababu matundu ya zamani yameshadhoofisha kitambaa.