Umetumiwa linki ya "dawa ya endo imepatikana"? Ichambue hivi kabla hujatoa hela

Wadada wenye endometriosisi (endo, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa kizazi zinaota nje ya kizazi) mnajua, haipiti miezi mingi bila linki kuzunguka kwenye magrupu, herufi kubwa, CHANZO CHA ENDO CHAJULIKANA, na chini yake mtu anauliza inauzwa wapi na bei gani. Naelewa kabisa, ukishaumwa miaka na kila mtu anakwambia hilo ni chango tu, ukizaa litaisha, utashika chochote kinachopita. Ila unaweza kuichambua habari ya utafiti kwa simu yako tu, na wala sio kazi ya madaktari peke yao.

Anza kwa kuutafuta utafiti wenyewe, achana na alichoandika mtu wa mtandao. Chukua jina la mtafiti au la chuo, weka na neno endometriosis kwenye PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za kiafya, ni bure, ule muhtasari wa mwanzo unakuwa wazi hata kama makala nzima inalipiwa. Kiingereza kikikusumbua bandika kwenye Google Translate, inatosha kukupa picha.

Sa ukishaupata, swali la kwanza: walimfanyia nani? Ukiona neno mice au rats ni panya hao. Chukua ule wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, wa 2023, uliosambaa sana. Walikuta bakteria anaitwa Fusobacterium kwenye ukuta wa ndani wa kizazi kwa kama asilimia 64 ya wanawake wenye endo, na wasio na endo hawakufika hata asilimia 10. Hapo ni binadamu, sawa. Lakini ile sehemu ya antibiotiki kupunguza endo, ambayo ndo kila mtu aliishika, ilifanyika kwa panya, na panya wa maabara hapati hedhi kama sisi, endo yenyewe inabidi wampandikize. Kwa hiyo tafadhali usiende duka la dawa kununua antibiotiki kwa sababu ya habari hiyo, utajiharibia tu na siku ukizihitaji kweli hazitakusaidia.

(Nyani ni habari nyingine. Nyani jike anapata hedhi, na wengine wanaugua endo wenyewe bila kupandikizwa, na taasisi ya utafiti wa nyani iliyopo Karen, Nairobi, imeshafanya kazi kubwa sana ya endo kwa kutumia nyani hao. Wengi wetu hatujui kwamba sehemu ya elimu ya ugonjwa huu duniani imetoka hapa hapa Afrika Mashariki.)

Swali la pili, wanasema kitu hiki KINASABABISHA au wanasema KINAONEKANA PAMOJA na endo? Hapa ndo wengi tunapigwa. Toka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni, na mpaka leo maelezo hayo yana nguvu, lakini wanawake walio wengi damu yao inarudi hivyo hivyo na wanaopata endo ni kama mmoja kati ya 10, ina maana kuna kingine kinachoongezeka, kinga ya mwili, homoni, kurithi. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Oxford walilinganisha DNA za wanawake zaidi ya 60,000 wenye endo na zaidi ya 700,000 wasio nayo, wakapata sehemu 42 zinazohusika, na baadhi zinagusana na maumivu ya mgongo na kipandauso. Mimi utafiti huu naupenda sana maana unaonyesha haya maumivu sio ya kujitakia. Ila haujakupa kipimo wala dawa, usikubali mtu akuuzie kipimo cha DNA kwa jina lake.

Tatu, walilinganisha na nini? Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa PRE-EMPT, wanawake 405 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa endo, nusu wakapewa sindano ya Depo au kitanzi chenye homoni, nusu vidonge vya majira vya homoni mbili. Baada ya miaka 3 maumivu yalikuwa yamepungua pande zote mbili bila tofauti kubwa, ila wa sindano na kitanzi walirudi thieta mara chache zaidi. Hauna kichwa cha habari cha kusisimua, hakuna atakayekuforwadia, lakini kwetu una faida kuliko ile ya Japani kwa sababu Depo ipo mpaka zahanati. (Kitanzi cha shaba sio hicho, kile kinaweza kuongeza damu na maumivu, uliza vizuri.)

Halafu angalia muda na madhara. Elagolix, kidonge cha maumivu ya endo, ilipitishwa Marekani 2018 na kweli inapunguza maumivu, lakini inashusha estrojeni, mifupa inapungua uimara, ndo maana imewekewa kikomo cha muda wa kuitumia. Na kupitishwa Marekani sio kwamba mfamasia wako anayo.

Kama kuna kitu kimoja cha kupeleka kwa daktari wiki hii basi ni mwongozo wa ESHRE wa 2022, wale wataalamu wa uzazi wa Ulaya. Unasema altrasaundi ikiwa safi haimaanishi huna endo, na sio lazima usubiri upasuaji wa matundu madogo ya tumboni (laparoscopy) ndo uanze matibabu ya homoni. Nenda na daftari lenye tarehe za miezi miwili mitatu: siku za damu, siku za maumivu, dawa ulizomeza, kama unaumia ukienda haja au kwenye tendo la ndoa. Na kama kifua kinabana au pumzi inakata kila ukiwa kwenye siku zako iandike juu kabisa, marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya, aliyefariki Juni 2024, endo yake ilikuwa imefika kifuani, na ukibanwa ghafla usisubiri klinik, nenda dharura siku hiyo hiyo.