Kuchora picha ya dhahania Mombasa: shika kitambaa kwanza, wazo litakuja

Wengi wakitaka kuchora dhahania, zile picha zisizo na sura ya mtu wala mnazi, hukaa wakingoja wazo, na mimi naona hapo ndo wakati unapopotea. Shika vitu mkononi kwanza.

Ingia maduka ya vitambaa Biashara Street ununue marekani nzito, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, uiloweke uioshe wanga utoke na irudi kabisa, ikikauka ikaze kwenye fremu kwa stepla, anzia katikati ya kila upande, pembe ziwe za mwisho. Koroga gluu nyeupe ya mbao na maji, unga wa chaki na rangi nyeupe ya maji mpaka iwe kama uji mwepesi, paka mara mbili tatu, piga msasa kila ikikauka.

Akriliki, ile rangi ya wasanii ya kuchanganya na maji, ni ghali jamani, so iweke ya juu. Chini tumia udongo mwekundu, uponde, uchekeche kwa leso kuukuu, uchanganye na ile gluu. Wekundu wake ni kutu ya chuma, haupauki, na masizi vilevile. Bizari ya manjano usidanganyike nayo, inang'aa leo halafu jua linaila. Ukitaka mchanga wa pwani ufue chumvi yote, chumvi huvuta unyevu na rangi itabanduka. Rangi ya mafuta juu ya akriliki sawa, kinyume chake usijaribu.

Sasa hali ya hewa. Mvua za Mei unaona juu pamekauka kumbe ndani bado maji, weka mgongo wa mkono, pakiwa baridi ngoja. Kaskazi nayo yakaushia rangi kwenye brashi, kaa na chupa ya kupulizia maji.

Sehemu ninayoipenda ni kukwangua. Rangi ikiwa nusu kavu pitisha skrepa, mara nyekundu ya chini inachungulia, mara nyuzi za marekani zenyewe. Tembea Mji wa Kale uangalie kuta, chokaa juu ya chokaa, hapa bluu imebaki, pale imekatika mpaka jiwe la matumbawe, utajua wapi uache. Ukikwama, igeuze picha juu chini.

Kuhifadhi: joto la hapa hulainisha akriliki, usizilaze uso kwa uso zitagandana. Tia karatasi ya kuokea keki katikati, na ukiziviringisha, rangi iwe nje.